Magoli Makumi Ine na Moja ya Lwamba

Kasongo, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Kwa mutoto wangu Joël, kule Lusangi,

Nakusalimia sana, papa. Mimi mama yako Dorothée niko, napumua, ni mugongo tu inanisumbua asubuhi. Dada yako Cadette anakusalimia, bado anauza sabuni na chumvi sokoni. Mutoto wake Esther-Divine anakusalimia, anauliza kama mujomba Joël iko mutu kweli ao iko picha ya ukutani tu. Mama Feza jirani anakusalimia, amepata mujukuu wa tano na bado analalamika kama hana mutu wa kumuchotea maji. Baba yako mudogo Raphaël hakuniambia nikusalimie, lakini mimi nakusalimia kwa jina yake juu ya kuwa ni mudogo wa marehemu baba yako, na salamu haiombwi ruhusa. Mbuzi yetu nyeusi amezaa wawili, mumoja amekufa. Nafikiri nimemaliza wote. Kama nimesahau mutu, naye anakusalimia.

Joël, ni mwaka ya tatu sasa. Ulitoka hapa siku tuliondoa matanga ya baba yako, hata sahani hazijaoshwa. Ulisema unaenda kuchimba zahabu miezi mitatu. Napiga simu, ule mwanamuke wa simu ananiambia haupatikani. Nimemuzoea, siku moja nilimuambia asante mama, Cadette akacheka mpaka akakaa chini.

Djuma, ule motari wa pikipiki anayeleta barua hizi, aliniambia kama alikuona unatembea na mguu moja nzito. Nilimuuliza nzito namna gani. Akasema, "Mama, mimi naangalia barabara, siangalie miguu za watu." Lakini aliona. Una nini? Kuja Pasaka, hata kwa siku mbili. Napika kila siku chakula ya watu wane na tuko watatu, mukono yangu haijajifunza.

Andika maneno makubwa, macho yangu si ya zamani. Umupatie Djuma barua palepale, asirudi mikono mitupu.

Mama yako,
Dorothée

*

Lusangi, tarehe 19 mwezi wa pili 2024

Mama mupenzi,

Nimepokea barua na karanga. Salimia Cadette, na mwambie Esther-Divine mimi ni mutu. Mguu ni kitu kidogo, goti ya kuume ilivimba, itashuka.

Uliuliza sirudi juu ya nini. Haukuuliza wazi, lakini uliuliza. Ulikuwa pale, Mama. Siku ya kuondoa matanga, baba mudogo Raphaël alisimama mbele ya watu wote akasema: "Kaka yangu Lwamba alifunga magoli makumi ine na moja mwaka moja, mwaka wa 1988. Na huyu mutoto wake, namba tisa kama baba, amefunga ngapi? Inama uhesabu vidole vyako, Joël, vinatosha." Watu wakacheka. Hata wewe uliangalia chini.

Hapa niko namba tisa wa ekipe ya mpira ya wachimbaji. Mwaka wa kwanza nilifunga kumi na moja. Wa pili kumi na ine. Mwaka hii, mechi kumi na tano mpaka sasa, nimefunga kumi na saba. Muchezaji wangu wa pembeni ananipigia mipira mirefu, mimi nasimama mbele napokea na kifua, nageuka, napiga, sawa na vile watu wanasema Baba alikuwa anafanya. Lakini kumi na saba si makumi ine na moja. Nitarudi Kasongo siku nitafikisha makumi ine na mbili kwa mwaka moja. Pale Raphaël atakuja kunichukulia mufuko mwenyewe.

Rais wa ekipe anasema kuna sindano ya goti, unachomwa, haisikii kitu, unacheza. Bado nafikiri.

Usipike ya wane.

Mutoto wako,
Joël

*

Kasongo, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Joël wangu,

Nimesoma hii barua mara ine. Salamu ni zilezile, mutoto wa mbuzi anaendelea, nachukua njia fupi leo.

Usichomwe ile sindano. Goti ikikuuma inakuambia kitu. Ukiizima mudomo, itakuambiaje?

Sasa sikia hesabu ya mama yako aliyesoma mpaka mwaka ya ine ya masomo ya musingi. Mwaka ile ya 1988 nilikuwa naye baba yako. Mahari haijatolewa, lakini nilikuwa nabeba maji na mihogo ya wachezaji, kila mechi, hapa na ugenini. Niliona na macho yangu mawili. Mpira ya wakati ule si mpira ya sasa. Ekipe za ng'ambo ya Lualaba zilikuwa zinatembea na miguu siku mbili, zinavuka na mutumbwi. Wanafika saba, wane wamebaki njiani na tumbo ao na mwanamuke. Refa anapiga filimbi, saba juu ya kumi na moja, na hao saba wanatafuta kivuli, si mupira. Siku moja golkipa wao alilala kweli, tukamuamusha kumuambia imekuwa nane. Utahesabu goli hiyo sawa na goli yako ya Lusangi, mbele ya vijana wanaoamka kubeba mawe?

Nilienda kwa Raphaël nikamuambia. Alikuwa anatengeneza kinga, ile baiskeli yake. Akasema, "Shemeji, unataka kumupunguzia mufu?" Nikasema hapana, nataka kumuongezea muzima. Akasema, "Makumi ine na moja ni makumi ine na moja. Hata askofu anajua." Sijui askofu alijulia wapi.

Tricot, ile jezi ya baba yako, namba tisa, iko palepale ukutani. Naipangusa vumbi Jumamosi.

Nakutumia mafuta ya kupakaa goti. Upakae asubuhi, ukandie kwenda juu, si kwenda chini. Nijibu mbio, mutoto wangu, na uniandikie "sikuchomwa", neno hilo tu linatosha.

Mama

*

Lusangi, tarehe 24 mwezi wa tatu 2024

Mama,

Asante kwa mafuta.

Nimefanya hesabu yako. Tuseme golkipa alilala. Tuseme tunatoa magoli yote ya watu saba, kumi hivi. Inabaki makumi tatu na moja. Bado simufikii. Tena na mimi niko na mambo ya kutoa udhuru kama nataka: kiwanja chetu kina mashimo ya wachimbaji, goli ni miti mbili na kamba, mvua ikinyesha tunacheza mu udongo mpaka magotini. Sisemi. Yeye mechi makumi mbili na mbili, magoli makumi ine na moja, karibu mbili kila mechi. Mimi moja na kidogo. Hesabu haina huruma, Mama, wewe tu njo uko na huruma.

Ukimupunguza Baba ili nirudi, nitarudi kwa nini? Kukaa chini ya ile tricot nikijua mama yangu alinishushia mulima?

Mechi na ekipe ya Kabambare ni tarehe 14 mwezi wa ine. Nitachomwa siku moja mbele ya mechi. Usitume mutu.

Joël

*

Kasongo, tarehe 5 mwezi wa ine 2024

Joël, mutoto wangu wa tumbo,

Sikusalimii kwa jina la mutu leo. Hii barua ni yangu na yako.

Barua yako ilifika Jumatano wakati nilikuwa napepeta muchele. Nikaacha muchele pale, kuku wakala. Kesho yake nilienda Nyangwe. Cadette aliniuliza naenda kufanya nini Nyangwe na hii mugongo. Nikamuambia naenda kununua samaki. Nimedanganya, na samaki sikurudi naye, na hakuniuliza tena.

Nilienda kumutafuta Faradji. Haumujui. Alikuwa anacheza pembeni mwaka ule na baba yako, namba saba. Baba yake alikuwa muchuuzi aliyetoka Fizi na mabalo, mizigo ya vitambaa, akabaki. Faradji anatengeneza mitumbwi sasa, ana mvi mpaka ndani ya masikio. Aliponiona alisema, "Dorothée wa maji! Ulikuja kunidai kikombe?" Halafu akaona uso yangu, akanivutia kigoda.

Sasa nakuambia kitu nilikuficha. Baba yako naye hakukitaja tena, wala mimi, tulikaa nacho ndani ya nyumba miaka makumi tatu kama mugeni ambaye hakuna anayemuuliza ataondoka lini.

Zamani zile, mechi ikiisha, watu wa mashamba walikuwa wanasikia matokeo kwa lokole, ile ngoma ya muti wenye mudomo. Mupigaji anapiga hapa, kijiji kingine kinapokea, mpaka mbali. Lakini lokole haiwezi kuita mutu yeyote. Inaita ule mwenye jina la ngoma, jina refu la ukoo, la watu waliozaliwa hapa tangu mababu. Ndani ya ekipe nzima, baba yako peke yake alikuwa nalo. Wengine walikuwa watoto wa wachuuzi, wa makarani, watoto wa wageni. Basi kila goli ya ekipe ilipigwa na jina la ukoo wa baba yako. Faradji akifunga, ngoma inasema Lwamba. Mutoto wa muganga akifunga, ngoma inasema Lwamba. Mwisho wa mwaka mupigaji wa ngoma akahesabu vile alipiga: makumi ine na moja. Watu wa mashamba wakashuka na mbuzi mbili kumupongeza. Na mimi nilicheza, Joël. Nilijua, na nilicheza mpaka kitambaa kikaanguka.

Baba yako alienda siku moja kwa mupigaji, tukiwa pamoja. Akamuambia, "Ile mbili za leo ni za Faradji." Muzee akamujibu, "Nipigie nini? Ule hana jina. Nikipiga kitu kisichojulikana, watu watafikiri ni kifo." Baba yako akageuka, akarudi nyumbani. Alikuwa mutu muzuri, papa, ila alinyamaza pale, halafu kunyamaza kukakua.

Nilimuuliza Faradji kama anakumbuka magoli zake. Akacheka, akasema, "Mama Dorothée, hiyo ni ya zamani, nimesahau." Akapiga shoka mara mbili mu mutumbwi. Halafu akasema bila kuniangalia, "Kumi na tatu."

Tukahesabu mechi kwa mechi, yeye na mimi, mpaka jua likageuka. Baba yako kumi na tisa. Faradji kumi na tatu. Wengine tisa. Nilikuwa na maharagwe ya mboga ndani ya kitambaa. Nikapanga mawe makumi mbili na mbili, moja kwa mechi, nikaweka haragwe kumi na tisa za baba yako. Mawe matatu yakabaki bila kitu. Nikapanga mawe kumi na tano ya mechi zako, nikaweka kumi na saba. Kila jiwe likapata, na mbili zikabaki mu mukono. Faradji akaziangalia, akasema, "Basi mutoto amemupita."

Umemupita, Joël. Ulishamupita hata mbele ya kuniandikia. Na mawe yako ni ya watu kumi na moja, si saba.

Hakuna makumi ine na mbili ya kutafuta. Usichomwe. Djuma nimemulipa asilale njiani, akufikie mbele ya tarehe 13. Nisamehe. Mupe jibu akiwa bado juu ya pikipiki.

Mama yako,
Dorothée

*

Lusangi, tarehe 16 mwezi wa ine 2024

Mama,

Djuma alifika tarehe 8. Alikaa siku nyingi hapa, juu ya kuwa nilimuambia sina jibu. Kila asubuhi anakuja na kuuliza, "Iko?" Namujibu haiko. Leo amekasirika, amewasha pikipiki, njo naandika.

Sikuchomwa sindano. Hakuna sindano. Iliongelewa siku moja, ya mutu mwingine.

Kumi na saba si zangu. Mwaka hii nilicheza mechi sita, nikafunga sita. Mechi ya sita, mwezi wa kumi, niliruka kupokea mupira murefu na kifua, nikashukia kwenye ukingo wa shimo. Goti ikageuka. Toka pale sijacheza. Nazo kumi na moja na kumi na ine za miaka mbili ya nyuma ni za kweli, Cadette anaweza kuuliza mutu yeyote. Lakini ndani ya zile kumi na saba, kumi na moja ni za kijana Atumani aliyechukua nafasi yangu, nikajumlisha na sita zangu, nikazifanya za mutu mumoja. Yeye anapokea mbele, mimi nakaa pembeni nalinda viatu vyao na simu zao. Jioni nasafishia wengine muchanga juu siwezi kushuka shimoni. Tarehe 14 walipigwa tatu kwa moja. Nilikuwa nashika viatu.

Nilipokuwa nakuandikia kumi na saba, nilijisikia ni mimi. Unaelewa? Nilikuwa naandika na goti inanyamaza.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imechanika pa kukunjia. Ulitembea mpaka Nyangwe na mugongo yako, ukamutoa Baba makumi ine na moja yake, ukaziweka mbali kwa ajili yangu. Na mimi sikuwa na kitu. Ungeacha ya Baba tu.

Usimusomee Cadette.

Joël

*

Kasongo, tarehe 27 mwezi wa ine 2024

Papa,

Djuma alikata cheni kule njiani, barua yako imefika jana. Ingekuja mbele kidogo. Nakuambia kwa nini.

Jumapili ya tarehe 21 kulikuwa mechi ya vijana hapa, kiwanja kilijaa. Raphaël alishika megafoni, akaanza tena: kaka yangu Lwamba, makumi ine na moja. Sijui nini ilinishika. Mimi ambaye sijawahi kusema mbele ya watu hata kanisani, nilivuka kiwanja na kitambaa yangu ya shamba. Nikamuambia, "Nipe." Akasema, "Shemeji, hii si kitu ya wanamuke." Nikaichukua. Ile kitu ina mulio mbaya, nilijisikia kama mutu mwingine. Nikasema yote. Ngoma, jina la ukoo. Lwamba kumi na tisa. Faradji wa Nyangwe kumi na tatu, mumukumbuke, bado muzima. Mutu mumoja akapiga kelele kule nyuma, "Mama, na mutoto wako?" Njo furaha ikanichukua, Joël. Nikasema: mutoto wangu Joël, Lusangi, mechi kumi na tano, magoli kumi na saba! Wengine wakapiga mikono. Vijana wakaita jina yako.

Nilifanya vile ngoma ilifanya. Nilichukua magoli za Atumani wa watu nikaziita kwa jina ya mutoto wangu mbele ya Kasongo nzima. Na yeye hana mama hapa wa kusema hapana.

Raphaël alikuja palepale nyumbani. Hakuketi. Alitoa tricot ukutani, akaikunja vizuri sana, kama nguo ya mutoto muchanga, akasema, "Toka leo usiniite shemeji." Mama Feza anapita njia ya nyuma kwenda kisimani. Kule sokoni wanamuuliza Cadette kama mama yake anaumwa kichwa. Baba yako, naye, nikifunga macho nimuone, ananigeuzia mugongo, lakini hiyo yeye alikuwa anafanya hata akiwa muzima, akishindwa kusema.

Sikukasirika na wewe. Nilikasirika muda kidogo, nikavunja kikombe, ikaisha. Nilijiuliza mutu anajisikiaje kukaa pembeni miezi yote hii akishika viatu vya wengine, na hakuna hata mumoja anayemuuliza umekula. Nikalia kwa ile, si kwa kumi na saba.

Sikia sasa. Jumapili ya tarehe 5 mwezi wa tano kuna mechi tena. Nitaenda. Nitaomba megafoni, wakininyima nitasema na mudomo tu. Nitasema: nilikosea, Joël alifunga sita ndani ya mechi sita, halafu goti ikakatika, hizo kumi na moja zingine ni za kijana Atumani wa Lusangi. Watacheka. Wale waliopiga mikono njo watacheka zaidi. Raphaël atakuwa mbele kabisa. Nimekubali, lakini nakuambia ukweli, naogopa, na Cadette amesema hatakuja kusimama karibu nami.

Djuma amekubali kukubeba. Ana matakia ya kuweka chini ya goti, nimemushonea jana. Ni siku mbili, tatu kama mvua. Haufiki na kitu, najua. Hakuna mutu ndani ya hii nyumba anayekungojea na hesabu. Ukuta iko wazi, msumari tu umebaki.

Kuja usimame pale karibu na mimi nikiwa nasema. Usiseme kitu, usimame tu.

Umuambie Djuma neno moja, unapanda ao haupandi, anirudishie upesi, nijue siku ile nitatoka nyumbani na mutu ao peke yangu.

Mama yako,
Dorothée